Jinsi Ghafaina Walivyomkumbuka Babu

Nyie vijana mnaofanya kazi ofisi za Al Khuwair hapa Masqat, mnaoingia ofisini saa moja na nusu na saa nane mshafika nyumbani mnalalamika mgongo, leo nataka nikwambieni kazi yangu mie ilikuwa kazi gani. Mie nlikuwa naandika vijiji. Msicheke! Kuna watu wanaandika mikataba, kuna watu wanawaandikia wengine barua za posa, na mie nlikuwa nikiandika vijiji: jina la kijiji, nani alikianzisha, nyumba ngapi, maji yanatoka wapi. Na mwisho wa karatasi palikuwa na mistari mitatu, juu yake pameandikwa "Tabia za Wenyeji". Mistari mitatu! Mama yangu peke yake tabia zake hazienei daftari zima.

Waliotuajiri walikuwa watu wa ramani, wamekodi nyumba Matrah. Mkubwa wao Mngereza mmoja mwekundu kama kamba wa kuchemsha, anapima majabali kwa darubini ya miguu mitatu. Jabali ukilipima linanyamaza, halikwambii nani anakaa chini yake, kwa hivyo akataka makarani. Hiyo ilikuwa mwaka wa sitini na sita. Nlikuwa nshakaa Masqat mwaka wa pili, sina kazi, nna mwandiko mzuri tu wa skuli ya Unguja na suruali mbili.

Kijiji cha kwanza nlichokiandika hakikuwa na mtu.

Nlikwenda nimevaa suruali ile nzuri, pasi yake ungekatia mkate, na viatu vyeusi, na kalamu mfukoni inang'ara. Nkaingia sabla, yaani baraza lao wanaume, nkakuta watu wamejaa ukuta hadi ukuta. Nkafungua daftari, nkauliza kwa Kiarabu changu cha chuoni: hapa mna watu wangapi? Mzee mmoja akajibu, hapana mtu. Nkamtazama. Wenziwe wote wanatikisa vichwa, hapana mtu. Haya, mbuzi? Hapana mbuzi. Pale pale nyuma ya ukuta mbuzi akalia meee. Mzee hakupepesa jicho. "Huyo mgeni," akasema. Na mitende? Imekufa yote. Ananiambia hivyo tumekaa chini ya kivuli chake na tende zake zimo katika sahani mbele yangu.

Na mie, kwa ujinga wangu, nliandika vivyo hivyo. Watu: hapana. Mbuzi: hapana, ila mgeni mmoja.

Karani mkubwa wetu alikuwa Maalim Rashid, mtu wa Matrah, lakini ujana wake aliumalizia Pemba akiuza halwa, kwa hivyo Kiswahili anakisema kuliko mie. Aliisoma karatasi yangu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Nassor," akasema, "kijiji hiki kimekufa lini? Maana wiki iliyopita wamenialika harusi."

"Maalim, ndivyo walivyosema."

"Wamekudhania mtoza zaka, weye! Nani alokwambia uingie kijijini na kalamu kifuani? Kalamu itie ndani ya soksi. Kisha usiulize kitu. Kaa. Kunywa kahawa. Wakikuuliza habari, sema hakuna habari, hata kama nyumba yako inaungua. Ukishatosheka kahawa, itikise finjani. Uliitikisa?"

Sikuitikisa. Nani aliyenifunza? Kwetu mtu akikutilia, unakunywa, kukataa ni utovu wa adabu. Nlikunywa kumi na mbili siku ile, moyo unanidunda, mkono unatetemeka, ndo maana hata ile "hapana mtu" yenyewe ilikuwa haisomeki vizuri.

Maalim akanipa na neno jengine, na hili lishikeni, hata nyie wa kompyuta. Alisema: "Historia ya kijiji usimuulize mwenye bakora, muulize mwenye ndoo." Mwenye bakora, yule mkubwa wa baraza, atakwambia mambo yalivyopasa kuwa. Mwenye ndoo, anayekwenda majini kila siku, atakwambia yalivyokuwa. Mie nlimuona mzee wa watu anazeeka vibaya. Nkaendelea kuwauliza wenye bakora.

Na wenye bakora wana hadithi moja tu. Kila kijiji kilianzishwa na mcha Mungu aliyekuwa akipita na ngamia wake, ngamia akapiga magoti, akakataa kunyanyuka, basi wakajenga hapo. Wallahi, ngamia waliopiga magoti katika nchi hii kuanzisha vijiji, ukiwakusanya, tambarare yote ya pwani ya Batina haiwatoshi. Hakuna kijiji kilichoanzishwa na mtu aliyegombana na mkwewe akahama. Hakuna.

Lakini nisiwacheke wao peke yao. Sie watu wa Unguja tulipofika hapa, mabegi hatukuwa nayo, lakini mababu tulikuwa nao tele, na wote wakubwa. Kadhi. Sheikh. Mshauri wa mfalme. Ukimuuliza mtu babu yako aliondokaje Oman kwenda Zinjibar, atakwambia alikwenda kueneza dini. Njaa haikumtoa mtu! Ukame haukumtoa mtu! Yaani majahazi yote yale yalijaa maulamaa watupu, sijui nani alikuwa anavuta tanga.

Na wa kwetu alikuwa mkubwa kuwashinda. Baba yake mama yangu, Sheikh Saif, wa kijiji cha Ghafaina. Nlikua nikimsikia kila Idi. Alikuwa mwanachuoni, bingwa wa elimu ya jua na nyakati. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikatika katika jihadi. Na siku aliyoondoka Ghafaina, kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kilimsindikiza mpaka nje ya bonde. Mama akifika hapo kwenye kusindikizwa, sauti inamkatika.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye shida yangu. Sitini na nne tulipotoka Unguja, mie nlipata chombo cha kunileta Masqat na mtu wa kunidhamini. Mama hakupata. Alibaki Mombasa, chumba cha uani kwa binamu yake. Ili aingie huku, ofisi ya vibali Masqat inataka karatasi: wakubwa wa kijiji cha asili washuhudie kwamba baba yake mtu ni wa kwao, wapige na mihuri. Huna karatasi, hushuki melini. Na barua za mama zilikuwa zikija, kila moja fupi kuliko iliyopita. Moja ilisema hivi tu: "Nassor mwanangu, nimechoka kuwa mgeni wa watu. Hata kiti nnachokalia nakiomba ruhusa." Ile barua nlitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika mikunjo.

Basi orodha ya vijiji ilipokuja mezani, nkaitia Ghafaina mwenyewe kwa mkono wangu. Mngereza hakujua. Na angejua angefanya nini, kijiji chenyewe si kipo kweli?

Landirova ilinishusha kwenye mlango wa bonde, nkapanda punda. Ghafaina ilikuwa nyumba arubaini za udongo, na falaji moja, mfereji wa maji waliouchimba wazee wao kutoka chini ya jabali. Maji hayo ndo mitende, ndo ndimu, ndo uhai. Na nyumba arubaini hizo zimegawika mitaa miwili: wa juu wanauita Alaya, wa chini wanauita Sufala. Alaya wanasema wao ndo walioanza kufika, ushahidi maji yanaanza kupita kwao. Sufala wanasema wao ndo walioanza, ushahidi wao wanakaa tambarare, na mtu akifika wa mwanzo atachaguaje kwenda kukaa juu ya mawe? Sabla mbili. Misikiti miwili, hatua kumi baina yao, na kila muadhini anataka atangulie, mpaka sala ya adhuhuri ikawa inaadhiniwa watu wengine hawajamaliza kustaftahi. Palikuwa na mkunazi katikati. Asubuhi kivuli chake kinalala Sufala, jioni kinalala Alaya, na wamegombana juu ya hilo pia.

Nlianza Alaya. Mkubwa wao Sheikh Hamed, mzee mwembamba, ndevu mpaka kifuani. Kalamu imo soksini, kahawa nimekunywa tatu, finjani nimeitikisa. Nkasema kwa adabu: mie mjukuu wa mwanachuoni wenu mkubwa, Sheikh Saif bin Khamis.

Sheikh Hamed akatazama wenziwe. "Mwanachuoni? Hapa hapajatoka mwanachuoni. Labda Sufala, wale waongo, nenda kawaulize."

Nkashuka Sufala. Mkubwa wao Sheikh Mbarak, mnene, mcheshi. Akafikiri sana masikini, akasema, "Mwanangu, kijiji hiki kilikuwa na watu wawili wanaojua kusoma, na mmoja wao akapofuka. Kina Saif wamepita wengi, lakini hakuna aliyeitwa Sheikh Saif."

Nkang'ang'ania. Siku ya pili nkarudi Alaya, nkarudi Sufala. Nkawaeleza elimu yake, jihadi yake, namna walivyomsindikiza. Nkawaambia mama yangu amekwama nchi ya watu. Walinihurumia, nliona, Sheikh Mbarak machozi yalimlenga. Lakini kushuhudia hapana. "Tumshuhudie mtu tusiyemjua?" akasema. "Siku ya Kiyama nkiulizwa, nkuite weye?" Hapo nliwachukia na nkawaheshimu kwa pamoja. Maana Masqat nzima ilikuwa na watu wanaoshuhudia mababu kwa sahani ya halwa.

Siku ya tatu asubuhi nlikaa ukingoni mwa falaji nanawa uso, punda yuko tayari, na nafikiri nitamuandikia nini mama. Akaja bibi mmoja na ndoo yake. Bi Zuwena, mwanamke mzee kuliko wote pale, jicho moja limeshafunga. Akasimama akinitazama kwa hilo jengine.

"Weye ndo yule unayetafuta mwanachuoni?"

"Ndo mie, mamaangu. Na simpati."

"Alikuwaje huyo mtu?"

Nkamwambia, sina cha kupoteza. Bingwa wa jua na nyakati. Hana kidole cha mwisho.

Bi Zuwena akaitua ndoo. "Mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Kilikatikia wapi?"

"Katika jihadi, mama."

Yarabi! Bibi yule alicheka. Alicheka akashika ukuta, akakaa chini, akajifuta jicho kwa ushungi, akaanza tena. "Jihadi! Jihadi na nani? Na jiwe la mlango wa maji! Hebu simama, weye, inuka nikuoneshe."

Akanipeleka uwanjani. Palikuwa na kijiti kimesimamishwa, na mbele yake mawe yamepangwa mstari. Ndo saa yao ile. Kivuli cha kijiti kikifika kwenye jiwe lako, zamu yako ya maji imeanza. Kikifika jiwe la mwenzio, unafunga mlango wako, maji yanakwenda kwake. Anakaa mtu mmoja muaminifu kulinda kijiti na mawe, na mtu huyo zama hizo alikuwa Saif bin Khamis, babu yangu. Akawa kila siku anapojifanya anafagia uwanja, jiwe la anayemfuatia analisogeza upana wa kidole. Kidole leo, kidole kesho. Zamu yake ikarefuka, ndimu zake zikawa zinadondoka kwa kunenepa, na ndimu za wenziwe zinakauka. Siku waliyomshtukia wakaja mbio, naye akakimbilia kufunga mlango wa maji kabla hawajafika, jiwe likamponda kidole.

"Na kweli tulimsindikiza," akasema Bi Zuwena. "Mie nlikuwa mdogo, nlikuwamo. Tulimsindikiza kwa mawe mpaka nje ya bonde."

Mie nlitamani ardhi ipasuke nami niingie. Lakini sikupewa hata nafasi ya kuona haya vizuri, maana habari ilishafika. Ghafla namuona Sheikh Hamed anashuka mbio, ndala mguu mmoja, na huku Sheikh Mbarak anapanda anahema.

"Weye mjukuu wa Saif Mwizi?" akapiga kelele Sheikh Hamed, na kabla sijajibu kanikumbatia. "Ala! Si ungesema tangu juzi! Mtu siku tatu anatuchosha na wanachuoni!"

Wakachinja mbuzi. Wakakaa pamoja Alaya na Sufala sabla moja, na watu wazima waliniambia hawajapata kuliona jambo hilo. Kumbe kijiji kile, katika mambo yote ya duniani, walikuwa wanaafikiana jambo moja tu, nalo ni babu yangu. Kila mmoja ana kipande chake cha hadithi. Huyu babu yake ndimu zake zilikauka saba, yule shangazi yake ndiye aliyepiga ukelele. Jiwe lenyewe lililosogezwa lipo mpaka leo, wanaliita jiwe la Saif, na mtoto akitaka kuapa anasema, "Mungu aninyime maji kama Saif!" Nami nimekaa katikati, nyama mkononi, kila mtu ananipiga bega kwa mapenzi.

Nkaomba karatasi yangu. Wakasema bila shaka, tena sasa hivi. Lakini hakuna mwenye kuandika ila mie, basi nkatoa kalamu soksini, na Sheikh Hamed akawa ananitajia maneno: "Sisi watu wa Ghafaina, Alaya na Sufala, tunashuhudia kwamba tunamjua Saif bin Khamis, mwizi wa maji, mtu wa hapa, baba yake wa hapa..."

Nkaweka kalamu. "Sheikh, hilo la wizi tuliache. Tuandike mtu wa hapa, inatosha."

"Haitoshi. Saif wako mwanachuoni hatumjui. Saif wetu mwizi tunamjua. Nani unamtaka?"

Jamani, nyie hamumjui mama yangu. Mwanamke aliyetoka Unguja na kanga mbili na jina la baba yake, basi. Kanga zishachakaa. Na mie ndo nikae hapa, kwa mkono wangu na mwandiko wangu mzuri wa skuli, nimvue na hilo lililobaki? Nlikaa na ile kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Watu wote wananingoja. Kisha nkakumbuka kiti anachokiomba ruhusa. Nkaandika: mwizi wa maji. Sheikh Hamed na Sheikh Mbarak wakagombana kidogo nani atangulie muhuri, mwisho wakahesabu moja, mbili, tatu, wakapiga pamoja.

Ofisi ya vibali Masqat nliitoa karatasi ile nimeinamisha kichwa. Karani akaisoma midomo inacheza. Akamwita mwenziwe, wakaisoma wote wawili. Nkasema basi, imekwisha.

"Tangu nikae meza hii," akasema yule karani, "nasoma karatasi za watu wa Zinjibar. Makadhi, mawalii, masheikh. Huyu ndo babu wa mwanzo nnayemsadiki. Mtu hajitungii babu mwizi." Akagonga muhuri, meza ikaruka.

Kwa Maalim Rashid nkapeleka karatasi ya kazi. Kwenye "Tabia za Wenyeji" nliandika neno moja: Hawasahau. Akasoma, akaniuliza, "Na kusamehe, wanasamehe?" Nkamwambia hilo sijalipima.

Mama alifika sitini na tisa, na sikumwambia. Mie mwanamume mzima, nkaogopa. Kila nkifungua mdomo, yeye keshaanza: lini utanipeleka kijijini kwa baba? Akashona nguo mpya. Akawa anajifunza salamu za Kiarabu mbele ya kioo, namna binti wa mwanachuoni atakavyowaamkia watu wa baba yake. Nkapanga nitamwambia ndani ya landirova. Nkapanga nitamwambia kwenye punda. Tukaingia bondeni sijamwambia kitu, na wanawake wa Ghafaina wote wamesimama falajini wanatungoja, mbele yao Bi Zuwena.

Wakaamkiana, wakashikana mikono. Kisha Bi Zuwena akamuuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kama inavyoulizwa kwa ada: "Karibu mgeni. Binti nani weye?"

Nkafumba macho.

"Binti Saif," akasema mama yangu. Akanyoosha mgongo. "Yule aliyekuibieni maji."

Nkafumbua macho. Mama hakunitazama. Alikuwa akilia, lakini kichwa kiko juu. "Alinambia mwenyewe siku anakufa," akaniambia kwa Kiswahili, pembeni. "Ati niwaombe radhi, kama Mungu atanifikisha. Nyie watoto ningekwambieni nini? Mlikuwa mnampenda." Miaka yote ile, Idi zote zile, alikuwa anajua, na kila mwaka anatusimulia jihadi.

Akawageukia wale wanawake, akawaomba radhi kwa Kiarabu chake kibovu, mikono miwili kifuani. Bi Zuwena akainama taratibu, akachota maji ya falaji kwa bakuli, akampa. "Kunywa, mwanangu. Haya ya kwako."

Mama alikunywa yote, hakubakisha tone. Akajifuta mdomo kwa ncha ya buibui, akalitazama bakuli tupu, kisha akalinyoosha mbele.

"Nyongeza," akasema.

Wanawake wakaangua kicheko, wa juu na wa chini. "Huyu wa Saif, wallahi!" akapiga kelele Bi Zuwena, akalijaza bakuli mpaka maji yakammwagikia mama kwenye nguo yake mpya.